Kusubiri Siku za Witness

Jumapili, 9 Februari 2025

Juma moja sasa tangu mimba ya Witness itoke. Ilikuwa ya miezi mitatu. Ni mke wa mjukuu wangu Stanley, kwa hiyo mimi namwita mke mwenzangu, na yeye anaona haya.

Damu imepungua. Nimemuuliza, nyekundu au ya kahawia? Akageukia ukutani. Nikamwambia, kulala na mume wangu hukuona haya, leo damu ndiyo haya? Akacheka kidogo. Ya kahawia. Vizuri.

Nesi Cecilia wa zahanati alisema siku zake zitarudi baada ya wiki nne mpaka sita, wengine nane. Akipata homa, au uchafu wenye harufu, au damu ya kulowesha vitambaa mfululizo, tumpeleke haraka. Nikamuuliza mbona wiki hazilingani. Eti kila mwili na mwendo wake. Jibu la uvivu hilo. Nataka kujua kwa nini.

Alhamisi, 13 Februari

Damu imekata. Amerudi jikoni mwenyewe, hatukumtuma.

Nimemweleza utaratibu wa nyumba hii. Mwanamke akiwa kwenye siku zake hatii chumvi kwenye mboga, anamwachia mwingine. Mama mkwe wangu alijua habari zetu zote hivyo, bila kuuliza mtu. Witness ametoka Kintinku, kwa mama yake hawakuwa na hayo. Akaitikia "ndiyo bibi" — ile ndiyo ya mtu anayewaza yake.

Stanley analala sebuleni. Nimemwambia mpaka mkewe aone siku zake. Akasema, "Bibi, wewe ndiye mganga mkuu wa mkoa?" Hana adabu. Nimemtawaza mwenyewe huyu utotoni.

Jumatano, 19 Februari

Mlenda una chumvi. Naonja wa kwanza kila jioni, halafu naongeza yangu.

Nawaza. Tumbo linajuaje kwamba limemaliza kupona? Nani analiambia? Mimi mimba zilinitoka mbili. Nilirudi kupalilia uwele, basi. Siku zilirudi lini, sikumbuki. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikujiuliza.

Ijumaa, 28 Februari

Mlenda hauna chumvi! Jana ulikuwa chapwa hivyo hivyo, nikadhani ni ulimi wangu.

Mambo haya hayasemwi. Kuku mmoja nimemchinja. Witness akauliza, "Bibi, kuna mgeni?" Nikamwambia kula. Stanley nikamwita uani: juma lijalo beba blanketi lako urudi chumbani. Hakungoja nirudie.

Jumatatu, 24 Machi

Nimekosea. Wacha niandike vizuri.

Asubuhi nimemkuta Witness kakaa juu ya kinu, kashika chini ya kitovu. Ana matone ya kahawia. Nikamwambia, mwezi huu zimewahi kidogo, ndiyo hizo. Akaniangalia.

"Zimewahi zipi, bibi? Mimi sijaziona tangu mimba itoke."

Na ule mlenda?

"Nesi Cecilia alipokupima aliniambia pembeni presha yako imepanda, nikupunguzie chumvi. Nilipoona unaongeza yako nikaacha, nilijua ukiambiwa utagoma."

Ningegoma kweli. Kumbe na mimi nilikuwa naangaliwa.

Tukaenda zahanati. Mkojo ukapimwa — mistari miwili. Nikasema haiwezekani, mtu hajaona siku zake atashikaje mimba? Cecilia akasema inawezekana kabisa. Yai linatangulia, damu inafuata kama wiki mbili baadaye. Likikutana na mwanaume, hiyo damu huioni. Yai linatangulia! Nimezaa saba, nimezalisha wengine, na hili sikulijua. Nikamuuliza linatoka upande gani. Akasema bibi, subiri.

Kwa sababu kuna la pili. Kipimo kinaweza kuwa kinaona ile mimba ya kwanza, kama kuna kipande kimebaki ndani. Kipimo hicho hakijui kutofautisha. Kwa maumivu haya, akasema, nendeni Singida mjini mkapige picha ya tumbo, msikae.

Witness hakulia. Njiani aliuliza mara moja tu: "Bibi, nifurahi au niogope?"

Jumatano, 26 Machi

Naandika hapa hospitalini, kwenye benchi. Stanley kaenda kutafuta chai, hawezi kukaa.

Witness katoka kwenye picha. Daktari kaona kitu, kidogo, hajasema ni nini. Inaweza kuwa mimba changa mno. Inaweza kuwa masalia. Damu nyingine inapimwa. Halafu akamuuliza Witness: siku ile kila kitu kilitoka? Witness akasema mimi sikuangalia, aliyeangalia ni bibi.

Ni kweli. Kilichotoka nilizika mimi, karibu na mtungi wa maji, palipo na unyevu, tumbo lake lisikauke, azae tena. Huwa tunafunika na kuzika bila kutazama. Mimi nilifunua. Nilitaka kuona.

Kifuko nilikiona. Kizima, kama yai la kuku lisilo na gamba. Ile nyama yake, kondo la nyuma, nilitafuta kwa kidole. Sikuiona. Nilijiambia labda mimba ikiwa changa ndivyo ilivyo, nikafukia.

Witness ananiuliza nitamwambia daktari nini. Nimemshika mkono: nitamwambia kondo sikuiona. Nesi katoa kichwa mlangoni, anauliza bibi yake Witness ni yupi. Nafunga daftari, naenda.