Gari la Mwalimu na Masikio ya Kaka Yako

Nyumba iliyo nyuma ya gereji,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Shemeji,

Hujambo wewe, na wote wa hapo nyumbani? Kile kikohozi chako cha asubuhi kimepungua? Na mkeo, bado anasimama dukani kutwa nzima na miguu yake ile inayovimba? Wifi amenieleza kwamba binti yako, ambaye ni wetu sote, ametoka hospitali na kidonda cha upasuaji kimefunga. Nilishukuru mpaka nikakaa chini. Sisi huku tu wazima, hata kaka yako mwili wake ni mzima, ila mimi atanitia wazimu.

Najua umenuna. Miezi mitatu hujapiga simu, na sababu wifi amenipa. Nakuomba usome barua hii mpaka mwisho kabla hujaichana, hata kama nitaanzia mbali kidogo, kwenye injini ya gari.

Kuna mwalimu mstaafu ana gari la kale, lenye umri mkubwa kuliko ndoa yetu, analiosha kila Jumamosi kama anamwogesha mtoto mchanga. Mwezi wa nne alilileta gereji kwetu akilalamika kwamba injini inapiga kelele upande wa mbele. Kaka yako akaiwasha, akainamisha kichwa, akasema ni valvu. Akazirekebisha. Baada ya wiki mwalimu akarudi. Kaka yako akarekebisha valvu zilezile. Mwalimu akarudi tena.

Shemeji, dirisha la jikoni kwangu linatazama gereji. Miaka thelathini napika huku nasikiliza injini. Ile kelele niliisikia siku ya kwanza: gari limesimama, injini inazunguka polepole, inagonga kro-kro-kro kama mtu anayetafuna mifupa, ukikanyaga mafuta, inageuka mlio mwembamba kama wa mbu sikioni. Nilimwambia kaka yako. Akanijibu nikaangalie sufuria yangu.

Mara ile ya tatu waligombana. Mwalimu alisema, "Fundi, mbona hata wapita njia wanageuka?" Kaka yako akamjibu, mbele ya wateja, kwamba kelele imo kichwani mwake. Mtu wa miaka sabini na sita! Mwalimu aliweka ufunguo juu ya benchi, akaenda zake kwa miguu. Nilitamani ardhi inimeze.

Jumatatu iliyopita nikavua aproni, nikakata kipande cha mpira wa maji, nikaingia gereji.

"Unafanya nini?"

"Nasikiliza, maana wewe husikilizi."

Huwezi kuishi na fundi miaka yote hii usijue kitu. Nilimwambia afungue mkanda wa feni. Kelele ikabaki, basi si feni, si dainamo, si pampu ya maji. Nikamwambia achomoe waya za plagi, moja baada ya nyingine. Kelele haikubadilika, basi si beringi za pistoni. Nikaweka ncha moja ya mpira sikioni, ncha ya pili nikaipitisha juu ya injini. Kwenye valvu nilisikia tiki-tiki ya kawaida tu. Nilipofika kwenye mfuniko wa mbele, kro-kro-kro ilinipiga sikioni nusura niutupe mpira. Humo ndimo zilimo gia za taimingi, zile mbili zinazoshikana meno ili valvu zifunguke kwa wakati wake.

Nikampa mpira. Akauweka sikioni, akafumba macho, akausogeza, akausogeza tena. "Sisikii kitu," akasema, na safari hii hakukuwa na ubishi ndani yake.

"Basi tumia macho."

Tukazima injini, tukafungua kifuniko cha distribyuta, ile inayogawa moto kwa plagi. Mimi nikashika krenki, ule mhimili mkuu wa injini, kwa spana, nikaizungusha kidogo mbele, kidogo nyuma, yeye akaikodolea macho rota iliyo ndani ya distribyuta, inayozungushwa na gia zilezile. Krenki inakwenda, rota imetulia tuli, inangoja weee, ndipo inashtuka. Hilo hakuhitaji kuambiwa. "Meno yamekwisha," akasema.

Tulipofungua mbele, ile gia kubwa, ambayo si ya chuma bali ya nyuzi zilizoshindiliwa, ilikuwa na meno kama kitana cha bibi kizee. Mawili yamevunjika kabisa, na chini kwenye oili kulijaa chembechembe za kahawia. Safari moja ndefu tu, na mwalimu angeachwa njiani na injini iliyokufa.

Kaka yako alikaa juu ya tairi. "Ulianza kuisikia lini?"

"Siku ya kwanza."

Nikaona sasa ndiyo nafasi yangu. Nikamuuliza wewe, Shemeji, ulimwambia nini ulipompigia simu mwezi wa tatu.

"Si alisema binti ameolewa? Nikampa hongera. Na mpaka leo nina hasira naye. Harusi ya mwanangu, mimi baba yake mkubwa, napata habari kwa simu kama jirani!"

Shemeji, ulimwambia amelazwa. Yeye akasikia ameolewa. Wewe unalia kwamba mtoto anapasuliwa, yeye anacheka na kukupa hongera. Najua ulivyoumia. Lakini na wewe, ungeuliza! Mmoja hasikii, mwingine anakata simu na kuzira, na kati ya ndugu wawili wazima hapakuwa na wa kusema "rudia". Nyote wawili mmenichosha.

Nilipomweleza, akauliza, "Alilazwa siku ngapi?"

"Kumi na moja."

"Na mimi nikacheka."

Gia mpya ilipatikana Alhamisi, na jana yeye mwenyewe alimpelekea mwalimu gari lake. Alisimama getini akamwambia, "Ulisema kweli, mwalimu. Mimi ndiye sikuisikia." Kabla ya mwalimu hakuwahi kumwambia mtu hivyo. Daktari wa masikio tumepangiwa wiki ijayo. Kaka yako alisema ataenda gari likiisha kutengenezwa. Gari limekwisha, sasa anasema eti daktari mwenyewe bado kijana. Ataenda. Nitamburuta kwa kola.

Leo baada ya chakula nilimtia simu mkononi, nikamwambia akupigie. Akaitazama, akanirudishia. "Nikimpigia," akasema, "na akinisamehe, nitajuaje?"

Kwa hiyo andika barua, Shemeji. Usipige. Andika kwa herufi kubwa, nami nitamwacha aisome peke yake.

Nisalimie mkeo, na binti yetu umkumbatie kwa niaba ya watu wawili. Wifi mshukuru kwa kutoficha neno. Mungu awape afya, na nyumba yenu isikose kicheko.

Akupendaye hata ukinuna,
Shemeji yako.