Picha ya Mama Langoni

Solo, 14 Ramadhani

Dada Ratri,

Sisi wazima, ila goti la Mama linamsumbua. Paka wako amezaa tena, safari hii ndani ya kabati la mashuka.

Unalikumbuka tangazo letu la sharubati, lile la kuwarudisha nyumbani vijana waliochukuliwa na wahubiri wa mabomu? Mama ndiye aliyepigwa picha, akimimina glasi ya kufuturu mbele ya kiti kitupu. Chini tuliandika: "Kiti chako bado kipo." Siku ile alininung'unikia, "We Wening, sharubati gani hii, tamu kama dawa ya kikohozi!" Tulilibandika kwenye lango la soko kwa sababu tu ukuta ule ulikuwa wazi.

Jana alasiri mdogo wetu Fikri alirudi kutoka kwa wahubiri hao. Kwa shajara yangu, ni miezi kumi na moja bila neno. Alisimama uani.

"Dada, walinituma sokoni na mkoba. Kufika langoni, Mama huyo, ananitazama. Nimeuacha chini ya daraja."

Niliwapigia polisi mwenyewe. Mkoba waliupata, na bomu lilikuwamo. Fikri hakubisha, aliomba tu afuturu kwanza. Alikunywa glasi mbili.

Mama hajui habari ya mkoba; anadhani wanamhoji tu, kisha watamrudisha. Gari la polisi lilipoondoka naye, Mama alinishika mkono: "Kumbe tangazo lako linafanya kazi! Kanunue chupa nyingine, kesho atakuwa na kiu."

Usimpigie simu kabla hujaongea nami.

Mdogo wako,
Wening