Mkono wa Kulia wa Mamitiana

Ambositra, Madagaska
19 Agosti 1984

Mpendwa mdogo wangu Tahina,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Hali yako ikoje? Kile kikohozi kimekuacha? Unasema huko Kharkov sasa ni joto hadi mnaoga mtoni. Sisi huku tunatetemeka, jiko la makaa halitoki chumbani. Mama mgongo unamsumbua, lakini bado anabishana na kila mtu, kwa hiyo jua kwamba ni mzima. Mkeo Haingo hajambo. Mwanao naye hajambo, na ni kwa ajili yake nimekaa kuandika.

Najua barua zetu tangu azaliwe zimekuwa fupi fupi. Haingo aliniomba nimwachie yeye siku ya kukuambia, nikamkubalia. Juzi kaja mwenyewe na karatasi na kalamu, akasema, "Wifi, sasa mwandikie. Mwandikie yote."

Mamitiana alizaliwa mkubwa mno. Kichwa kilitoka, bega likakwama, mkunga akahangaika naye hadi jasho likamtiririka. Alipolia, tulimshukuru Mungu na mababu. Mama akampikia mkeo supu ya uduvi, majirani wakaja kumtazama mtoto na kutuambia jinsi alivyo mbaya wa sura, kama ipasavyo ili sifa zisimletee mabaya, nasi tukafurahi. Ila Haingo hakukubali kumfungua nguo mbele ya mtu. Kumwogesha, peke yake. Kumvika, peke yake. Mama akaanza kunung'unika kwamba mkwe wake ana maringo.

Siku moja nilikuwa nimempakata mimi, nguo zimelegea, kifuniko cha sufuria kikaanguka sakafuni. Mtoto akashtuka kama wanavyoshtuka wachanga wote: mkono wa kushoto ukaruka, vidole vikachanua, kisha ukarudi kifuani kama wa mtu anayekumbatia. Wa kulia ulibaki umelala pale pale. Nikamtazama Haingo. Alikuwa anajua muda wote.

"Usimwambie Tahina," alisema. "Ataacha masomo arudi. Na akirudi atafanya nini?"

Tulimpeleka Antsirabe kwa daktari wa watoto, mama mtu mzima mwenye sauti ndogo. Alimlaza mtoto juu ya viganja vyake, akakiachia kichwa kishuke kidogo tu. Mkono mmoja ukaruka, mwingine kimya. Kisha akagusa kwa kidole kiganja cha ule mkono uliolala, nacho kikafumba, kikamshika. Hapo uso wake ukalainika. Alitueleza kwamba wakati wa kuzaliwa shingo ilivutika, neva zinazokwenda begani zikaumia, ila za kiganja zilikuwa salama. Tusiuvute ule mkono, tuubane kifuani kwa pini kwenye nguo, tuunyooshe polepole kama alivyotuonyesha, na tusubiri. Wengi hupona, alisema. Hakusema wote.

Akatuambia pia kwamba kushtuka kule, kushika kidole, kugeuza shavu kutafuta ziwa, mtoto hafanyi kwa kutaka. Anazaliwa navyo, na baada ya miezi michache vinamtoka.

"Kwa hiyo akinishika kidole," Haingo akauliza, "hanishiki mimi?"

"Mwili wake ndio unaoshika," daktari akajibu. "Yeye mwenyewe yuko njiani."

Njia nzima hadi nyumbani mkeo aliacha kidole chake ndani ya kile kiganja.

Miezi iliyofuata ilikuwa mirefu, Tahina. Mama unamjua. Kila asubuhi alitaka kupiga makofi karibu na mtoto aone kama mkono umeamka. Siku moja Haingo akamwondolea mtoto mikononi. "Mama, usinitishie mwanangu," akasema. Mama akamjibu kwamba yeye kazaa saba na hakuna aliyekufa kwa makofi. Walikula wali wao kila mtu amegeukia ukuta wake, na mimi katikati nikipitisha maji ya kunywa ya ukoko wa wali kutoka kwa huyu kwenda kwa yule.

Lakini kulikuwa na jambo moja lililowapatanisha. Ukimshika mtoto kwapani, kwa uangalifu kwa upande ule wa kulia, ukamsimamisha nyayo zikagusa meza, alikuwa anatembea. Kweli kabisa, mguu huu, kisha huu, uso umekunjamana kama mzee aliyechelewa kanisani. Mama alikuwa anacheka hadi machozi. "Mwacheni aende," anasema, "anamfuata baba yake Urusi." Haingo naye anacheka, kisha anaingia chumbani na kukaa huko kitambo.

Halafu siku moja tukamsimamisha, miguu ikajikunja tu. Mama akadhani na miguu nayo imekufa, akalia kwa sauti. Nikamkumbusha maneno ya daktari, kwamba ndivyo inavyokuwa, na kwamba atatembea tena wakati wake. Alifuta machozi, lakini nilimwona jinsi alivyoitazama ile meza. Nami nilikuwa nakuwazia wewe. Mwanao ametembea, na kutembea kule hutakuona.

Wiki chache baadaye Haingo alikuwa anamwogesha jikoni. Siku hizo hakumficha tena. Alipokuwa anamshusha kwenye beseni kichwa kikamponyoka kidogo, mtoto akashtuka, na mikono yote miwili ikafunguka. Wa kulia ulichelewa, ukainuka nusu tu, vidole vikitetemeka, lakini ulifunguka. Haingo akakaa chini palepale kwenye maji yaliyomwagika, mtoto kifuani. Mama alikuja akawafunika wote wawili kwa shali yake, akasema, "Mtoto mbaya huyu."

Sasa mkono unainuka hadi mdomoni. Juzi aliuona msuko wa mama yake, akautazama sana, akaufikia kwa mkono wa kulia na kuuvuta kwa nguvu zake zote. Haingo aliumia, lakini hakujitoa. Baada ya hapo ndipo aliponiletea karatasi.

Anasema usiache masomo. Anasema pia, na haya ni maneno yake, kwamba akilala anauweka mto wako ukingoni mwa kitanda asianguke mtoto, na kwamba mto umeshapoteza harufu yako.

Mjomba Ratsimba anakusalimu. Ndiye atakayemkata mtoto nywele za kwanza Jumamosi ijayo, kwa niaba yako. Mama anakusalimu na anauliza kama unakula wali. Mungu na mababu wakuzunguke huko uliko, wakurudishe ukiwa mzima.

Jambo la mwisho, mdogo wangu. Ukifika, Mamitiana atakuwa anachagua watu, nawe hatakujua. Atakulilia na kukusukuma kwa mikono yote miwili. Usimrudishe upesi kwa mama yake. Kaa naye hadi anyamaze.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na kukungoja,
Vololona