Dawati la Nyuma

Alhamisi, Novemba. Mawingu yamekaa juu ya Kongwa tangu asubuhi, hayanyeshi, hayaondoki. Hata kengele za ng'ombe zilinifikia kama zinatoka kwenye usingizi wa mtu mwingine.

Leo wanafunzi wangu wa kozi ya kuingia kidato cha kwanza walifanyiwa usaili. Shule yetu mpya ya binafsi inafundisha kwa Kiingereza, na asiyeweza kujieleza mbele ya mkuu wa shule hapokelewi. Hofu yangu ilikuwa kwa Wendo, binti kutoka kijiji cha Haneti. Kigogo ni cha nyumbani, Kiswahili alikikuta shuleni, na sasa hiki cha tatu. Daftari lake ni zuri kuliko yote, lakini kwa wiki tano sikuwahi kusikia sauti yake.

Nakiri kosa langu. Nilikuwa namsogelea, nainama, namtazama usoni, nasubiri. Nikajiona mvumilivu. Yeye akatazama viatu vyangu.

Juzi magoti yalinichosha, nikaketi dawati la nyuma wakati darasa likieleza picha niliyochora ubaoni. Nikasikia sauti nisiyoijua, ndogo, inatembea polepole kwa Kiingereza.

Ilikuwa yake.

Kwao mtoto hamkazii macho mtu mzima anapojibu. Nami nililelewa hivyo hivyo. Miaka ya ualimu ikanisahaulisha. Anayejifunza lugha ngeni anahitaji kwanza mahali pa kuweka macho. Maneno hufuata.

Kwa hiyo leo nilimwomba mkuu aketi nami nyuma.

"Mzee wangu, unanirudisha darasa la kwanza?" alicheka, lakini akajibana kwenye dawati.

Wendo akautazama ubao, akaueleza kwa Kiingereza jinsi bibi yake anavyoanika mlenda juu ya mwamba, anavyoutwanga, anavyouhifadhi kwenye kibuyu. Alipofika kwenye mchi neno likampotea. Akatia la Kigogo, akaendelea.

"Hilo si Kiingereza," mkuu akaninong'oneza.

"Si Kiingereza. Lakini umeona? Hakukwama."

Mkuu alimsikiliza mpaka kibuyu kikafunikwa, kisha akaandika jina la Wendo kwenye orodha ya waliopokelewa.

Sasa jua linazama nyuma ya mawingu yale yale, na furaha yangu ina kivuli. Katika miaka yangu yote ya chaki, ni wangapi niliowaandikia "hajui", kumbe walikuwa wananiheshimu?