Chupa ya Fundi Tuliyemzika Pongwe

Dada Mwanaidi, shikamoo. Meli yetu imetia nanga Genova, nami nimepanda treni hadi kwa mama wa yule fundi Mtaliano wa mashine za mkonge tuliyemzika Pongwe. Huku ni ukungu mtupu, hata mizabibu iliyo mlangoni huioni. Ukoo mzima hutengeneza mvinyo mwekundu wa zabibu za Nebbiolo, na mtoto akizaliwa huwekewa chupa ya kufunguliwa siku ya harusi yake. Mama akashuka ghalani, akaileta ya mwanawe imejaa vumbi, akaifungua, akanimiminia.

Kwa Kitaliano alichonifundisha marehemu nikasema, "Mama, dini yangu hainiruhusu."

"Ishike tu, mwanangu. Yeye hakuwahi."

Nikaishika glasi mpaka mkono ukafa ganzi. Akauliza nani anaangalia kaburi. Nikamjibu, "Dada yangu hulifagia kila Ijumaa." Akanibusu mkono, akasema busu hilo nikuletee wewe.

Dada, tangu mazishi hakuna aliyekanyaga pale. Mungu akuweke. Ukiipata kadi hii, chukua jembe na ufagio, uende Ijumaa hiyohiyo.

Mdogo wako,
Bakari