Fundi Wangu wa Meno Ameandikwa Mshauri wa Masoko

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla sijapasuka, maana furaha na hofu vimenijaa kwa pamoja na sijui nianze na kipi. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, nina karakana ya meno bandia, vyumba viwili juu ya duka la vitambaa, madaktari wananiletea vipimo vya vinywa vya wagonjwa wao nasi tunawarudishia meno, na fundi wangu mkuu, ambaye wote tunamwita Kimya kwa sababu siku akisema sentensi mbili tunaulizana kama anaumwa, ni mgeni kutoka nchi nyingine, na mshauri, huyu mtu ana mikono! Akishika nta na kile kisu chake kidogo anakuchongea jino ambalo hata ulimi wako hautajua kuwa si lako.

Sasa mwezi juzi Uhamiaji walitoa tangazo la mabadiliko ya viza za kazi, nikaanza kulisoma nimesimama nikajikuta nimekaa, kwamba mafundi wa kazi kama yake, ambao zamani hawakuwemo hata kwenye orodha, sasa watapewa viza ya miaka mitano badala ya mmoja mmoja, na wataruhusiwa kuleta mke na watoto! Kimya ana mke na binti wa miaka sita anayemjua baba yake ndani ya simu tu, hata akimchora anamzungushia fremu. Nilipiga kelele mpaka watu wa dukani wakapanda kuuliza nani ameungua, nikamnyang'anya Kimya simu, nikamwambia mkewe, "Wifi, fungasha, unakuja!" Naye akafungasha kweli, ameshampa mwenye nyumba notisi, mwisho wa mwezi huu anatoka.

Jioni ile ile nikafungua droo ninamomtunzia pasipoti yake isirukiwe na plasta ya kumiminia vipimo, nikaangalia viza vizuri. Kazi yake imeandikwa Mshauri wa Masoko. Miaka minne iliyopita shemeji yangu, mume wa dada, ambaye anajua kila ofisi kwa maelezo yake mwenyewe, ndiye aliyejaza fomu, na kwa kuwa fundi wa meno bandia hakuwemo kwenye orodha alichagua jina lililompendeza, na kila mwaka tumekuwa tukinakili fomu ya mwaka uliopita, na sitakudanganya, niliona, nikasaini. Na tangazo hilo hilo linasema wakaguzi watapita makazini kuangalia kama kila mgeni anafanya kazi iliyoandikwa kwenye viza yake.

Shemeji anasema, "Shem, tulia, usiwaamshe watu. Tumfundishe maneno tu." Basi kila siku saa ya chai tunafanya mazoezi, shemeji anakuwa mkaguzi, anavaa miwani yangu.

"Bwana, kazi yako nini?"

"Mshauri wa masoko."

"Unashauri nini?"

Kimya akamtazama mdomoni muda mrefu. "Hilo la juu la mbele ungeling'oa mapema, bosi."

Binti wa shemeji, ambaye ananiita mama mdogo, alicheka mpaka akamwaga bakuli la plasta. Na huyo binti ndiyo shida nyingine, kwa sababu tangazo linataka kila fundi mgeni awe na mwanafunzi mwenyeji anayemfundisha kazi, nikamweka yeye, ana mkono mwepesi na anapenda kazi, lakini tangu siku hiyo Kimya anachonga akiwa amempa mgongo, na tanuri la kuchomea meno akiliwasha analifunika kwa mwili ili binti asione ameweka joto kiasi gani.

Nikisema ukweli naogopa watamrudisha kwao na karakana watanifungia, nikinyamaza watamkuta ana nta kwenye kucha na hajui hata kuuza maji jangwani, na huku wifi anafungasha. Tangazo nimelipiga picha, nimeliambatanisha. Nijibu haraka, tafadhali, huku tuko juu juu.

Mama Karakana

* * *

Mama Karakana,

Kwanza hongera. Ni nadra kupata barua ya mtu aliyechanganyikiwa kwa sababu serikali imempa kitu. Umefurahi, una haki. Sasa kaa chini, nataka kukugombeza.

Picha ulizonitumia ni mbili, kwa sababu tangazo lina kurasa mbili. Wewe ulisoma ya kwanza ukakimbilia simu. Mimi sikusoma shule nyingi; mengi nimeyajua kwa kusoma upande wa nyuma wa karatasi ambazo wenye elimu wameshaziweka chini. Ukurasa wa pili, aya ya tatu: mwajiri atakayejitokeza mwenyewe kusahihisha jina la kazi ndani ya siku tisini hatachukuliwa hatua, na mfanyakazi ataendelea na kazi yake wakati ombi linashughulikiwa. Umeona? Mlango uko wazi! Nimehesabu kutoka tarehe ya tangazo, zimebaki siku kumi na tisa. Nyingine mmezimalizia kwenye maigizo.

Maigizo yafe leo. Shemeji mshukuru, umrudishe kwenye shughuli zake, na lile jino alishughulikie, maana aliyemshauri anajua. Andika barua kwa mkono wako: fundi huyu anatengeneza meno tangu siku ya kwanza, jina la kazi liliandikwa vibaya, na wewe ulisaini ukiona. Usimtupie Kimya hata neno moja la lawama. Waombe madaktari wawili waandike kazi anazowafanyia. Mpeleke Uhamiaji yeye mwenyewe, pamoja na hizo karatasi, ndani ya wiki hii, na muulize afisa kila kitu ambacho mimi nimekisoma tu kwenye picha.

Halafu hiyo droo. Nilipofika hapo niliacha kalamu. Pasipoti ya mtu mzima inafanya nini kwenye droo yako? Najua nia yako njema, barua nzima inanukia nia njema, lakini mkaguzi hatanusa, ataona droo. Mrudishie kabla ya chakula cha mchana. Plasta isikusumbue, kuna mifuko ya nailoni.

Kuhusu binti, wewe unaona roho mbaya, mimi naona mtu anayejiuliza, huyu akishajua, mimi nitakuwa wa nini? Ulimwekea mwanafunzi ubavuni bila kumwambia neno, ulitaka akuimbie? Muulize kwanza kama anataka kufundisha. Akikubali, mwandikie mkataba wa miaka mitano ya kweli, useme waziwazi kwamba kufundisha ni sehemu ya kazi yake, kunalipwa, na hakumpunguzii hata siku moja. Ausome mwenyewe, kwa lugha anayoielewa, asisaini siku hiyo hiyo. Utashangaa mgongo utakavyogeuka. Na hata kama sheria isingebadilika, Mama, karakana inayotegemea mikono miwili ya mtu mmoja ilikuwa inasubiri apate mafua tu.

Ubandike na kalenda ukutani: tarehe ya viza kuisha, na miezi sita kabla yake, siku ya kuanza kushughulika. Fomu ya mwaka jana usiinakili tena. Isome kama hujawahi kuiona.

Sasa la wifi, ambalo ndilo lililoninyima raha. Mwanamke anaachia nyumba yake kwa sababu ya kelele zako. Mpigie leo, si kesho. Mwambie, "Wifi, nilitangulia mbele ya karatasi, omba notisi yako irudishwe, ubaki kwanza." Utaona aibu, na hiyo aibu ni yako, ibebe.

Viza ikitoka, na kwa jinsi ninavyousoma ule ukurasa natumaini itatoka, usiguse simu. Mpe Kimya karatasi mkononi, watoe watu wote ampigie mwenyewe, nawe ufunge mlango ukiwa nje. Akikaa dakika kumi kabla hajatamka neno la kwanza, mwache. Ni mke wake.