Majivu Ndani ya Mashine ya Evariste

Jumapili, 4 Oktoba 2009

Baada ya misa wamenikalisha. Mama mkwe, shemeji Firmin, na shangazi Jeanine aliyetoka Irumu kwa jambo hili tu. Wanataka tumalize matanga ya Evariste. Matanga! Maiti hatukuiona, kaburi hakuna. Mume wangu alipanda lori la kwenda Nia-Nia mwaka wa vita, 2003, kututafutia pa kukimbilia, na mpaka leo sijui kama alifika. Firmin alisema kwa upole kwamba mtu hawezi kukaa nusu mjane. Nikasema, nipeni muda. Wakauliza, muda wa nini? Nikajibu neno la kwanza lililokuja — mpaka nitengeneze mashine yake.

Wakanitazama kama mwenye homa. Mama mkwe ndiye aliyekubali, ila mpaka Jumapili ijayo tu, kisha tuvue nguo za msiba.

— Siku ya Mungu yenye kuya, Françoise. Kisha tunatosha nguo nyeusi. Siye wote.

Jumatatu, 5 Oktoba

Nimejifunga mwenyewe. Mdomo wangu huu!

Mashine ni kompyuta ya zamani, yote imo ndani ya klavye, humo humo chini ya vitufe vya kuandikia, unaichomeka kwenye televisheni. Padri mmoja alimwachia Evariste akirudi kwao. Programu zinakaa kwenye kaseti za kawaida, kama za muziki. Ya mwisho ninayo. Ukiiweka kwenye redio unasikia kwanza sauti yake: "Muchezo ya Françoise. Inabakia kidogo." Kisha kelele ya bati ikikwaruzwa, ndiyo programu yenyewe, basi. Aliutengeneza kwa ajili ya darasa langu la hesabu. Sauti nimeisikiliza mpaka naogopa utepe utakatika. Mchezo wenyewe sijauona hata siku moja.

Mashine inawaka, inasema iko tayari. Kumbe kumbukumbu yake imebaki kipande tu. Nikiingiza kaseti inapokea, inapokea, halafu inaandika: MÉMOIRE PLEINE. Kumbukumbu imejaa nini, jamani? Haina kitu!

Jumanne, 6 Oktoba

Grupe ya jirani, jenereta inayotupa umeme, inawashwa jua likizama, inazimwa saa tatu. Muda wangu ni huo. Leo nimefungua mashine.

Majivu. Kila mahali!

Mama mkwe kasimama mlangoni. Ni yeye. Tulipokimbia aliiweka ndani ya mtungi, akaijaza majivu ya jikoni kama tunavyoweka mbegu za maharage zisiliwe na wadudu, akaizika nyuma ya nyumba. Maharage yanapona hivyo. Chuma hakiponi. Majivu yamenyonya unyevu wa udongo, yamekula miguu ya vidude vya kumbukumbu mpaka imekuwa kijani.

Nilitaka kupiga kelele. Nikamwangalia mikono, nikashindwa. Wengine walibeba magodoro. Yeye alirudi ndani kuchukua mashine ya mwanawe.

Jumatano, 7 Oktoba

Alkoholi ya farmasi, mswaki wa zamani. Nimesugua mguu mmoja mmoja. Vidude vyeusi vimejipanga kama tandu waliolala. Rangi ya kijani imetoka, harufu imeniumiza kichwa.

Nimewasha. Kaseti. MÉMOIRE PLEINE.

Nimelia kidogo. Ninamtamani, basi, niandike tu, nani atasoma? Natamani anavyoguna akitafuta kosa. Natamani kumkasirikia kwa kuacha skrubu juu ya kitanda. Darasani watoto wananiita Madame Evariste, na kila mara mimi nageuka upesi, kana kwamba ameingia.

Alhamisi, 8 Oktoba

Risasi upande wa Nizi, inasemekana. Maduka yamefungwa, yamefunguliwa tena. Amani yetu ndiyo hii.

Nilipofika nyumbani nilimkuta mama mkwe na beseni la majivu pembeni ya mashine.

— Mama, hapana!

— Sasa tukikimbia tutaifunika na nini? aliuliza.

Nilimpokonya beseni. Halafu nikamkumbatia, mikono yake ikiwa na majivu bado.

Ijumaa, 9 Oktoba

Evariste alikuwa anatafuta mgonjwa kwa kidole. Unawasha, unagusa kidude kimoja kimoja — chenye homa ndicho. Nimefanya hivyo. Cha mwisho kimenichoma! Siku zote hizi nilikuwa nasugua tu, sikugusa. Mjinga mimi.

Kwenye depo ya shule kuna kompyuta iliyooza. Préfet, mkuu wetu wa shule, amesema nichukue ninachotaka, ni takataka. Nimepata kidude chenye namba zilezile.

Sina wa kuniyeyushia risasi, ile ya kuunganishia nyaya. Nitakipandisha juu ya kile kigonjwa, mguu juu ya mguu, kama mtoto mgongoni. Evariste alishawahi kufanya hivyo kwenye redio ya Firmin. Lakini lazima mtu akibane, kisiteleze.

Jumamosi, 10 Oktoba

Kesho baada ya misa wanarudi. Shangazi Jeanine amekwisha kununua vitenge vya kumalizia matanga.

Naandika meza ikiwa bado imejaa nyaya. Mama mkwe amekibana kidude kwa pini ya kuanikia nguo, na bado amekishika, haamini pini. Nimemwambia aachie. Hataki.

— Weye fanya yako. Miye niko nashika ya kwangu.

Kaseti ikaanza. Sauti ya Evariste ikatoka redioni kabla sijaipunguza. Mama hajawahi kuisikia — mimi nilikuwa nasikiliza peke yangu, miaka yote hii! Hakulia. Alisema tu: alikuwa na mafua siku ile.

Mistari ikapita kwenye televisheni. Ikafika pale pa kukataa. Ikapita! Ikaendelea! Nikashika meza.

Sasa imesimama. Juu kumeandikwa HESABU ZA FRANÇOISE. Chini yake swali moja, mshale unawaka na kuzima:

WACHEZAJI WANGAPI? 1 AO 2

Mama anauliza mashine inasema nini. Nimemwambia: inauliza tuko wangapi.

Nje grupe imeanza kukohoa, mafuta yanaisha, na ikizima kumbukumbu yote inapotea. Yeye ndiye anayetaka matanga yaishe. Yeye ndiye aliyechagua siku.

— Andika mbili, amesema.

Sijamuuliza wa pili ni nani, yeye au Evariste. Hajaondoa kidole chake juu ya kidude.